Hili Neno Kibaraka

Septemba 1989 kijana wa miaka 26 kutoka Hungaria aliwasili Oxford, Uingereza, kusoma katika chuo cha Pembroke. Mada aliyokwenda kuichimba ilikuwa asasi za kiraia katika falsafa ya siasa ya Ulaya. Ufadhili aliupata kwenye mfuko wa George Soros, tajiri wa Marekani mzaliwa wa Budapest. Miezi mitatu nyuma, tarehe 16 Juni, kijana huyo alikuwa amesimama kwenye Uwanja wa Mashujaa mjini Budapest, siku ya kumzika upya Imre Nagy, waziri mkuu aliyenyongwa na wakomunisti, akitaka majeshi ya Kisovieti yafunge virago yaende kwao. Chama chake, Fidesz, kilikuwa na mwaka mmoja na ushei tangu kianzishwe na wanafunzi 37. Jina lake Viktor Orbán.

Kabla ya hapo Soros alikuwa ameshapeleka mashine za fotokopi kwenye maktaba na vyuo vya Hungaria. Kwa leo fotokopi ni kitu cha kibandani, shilingi kadhaa ukurasa. Katika nchi ya kikomunisti miaka ya 1980 ilikuwa kama silaha: ilikaa chini ya kufuli, na aliyetoa nakala alitakiwa aeleze anampelekea nani.

Sasa ruka mpaka Juni 2017. Serikali ya Orbán huyohuyo inapitisha sheria kwamba asasi yoyote inayopokea kutoka nje zaidi ya forinti milioni 7.2 kwa mwaka ijisajili upya, na ibandike kwenye tovuti na machapisho yake maneno ya kueleza kuwa ni asasi inayofadhiliwa kutoka nje. Kiangazi hichohicho mabango ya serikali yenye sura ya Soros akicheka yanatapakaa barabarani, yakiwaonya wananchi wasimwache acheke mwisho. Mnufaika wa ufadhili ule amekuwa hakimu wa wanufaika wenzake.

Kauli ninayotaka kuipinga inajulikana na wengi wetu. Inasema hivi: asasi za kiraia barani Ulaya, zile zinazopigia kelele uchaguzi huru, mahakama huru na haki za wakimbizi, ni mikono ya watu wa nje. Demokrasia yao imelipiwa. Kata fedha, uone kama kesho kuna atakayeandamana. Imesemwa Moscow tangu sheria ya mawakala wa kigeni ya mwaka 2012, ikasemwa Budapest, Tbilisi, Bratislava na Belgrade. Hata Brussels kwenyewe, tangu mwanzoni mwa 2025, wabunge wa mrengo wa kulia wa Bunge la Ulaya wameikalia kooni Kamisheni kwa kutoa ruzuku kwa asasi za mazingira. Na kwetu inapokelewa kwa kicheko cha kuridhika. Wenyewe si ndio waliotuhubiria miaka yote? Basi nao wakae kwenye benchi la mshtakiwa kidogo.

Kicheko hicho nakielewa, kwa sababu na mimi nimekicheka. Nimewahi kukaa kwenye semina ya siku mbili ya utawala bora, hotelini, ambapo karatasi iliyogombewa kuliko zote ilikuwa ile ya kusaini posho. Mwezeshaji alitamka neno "uwezeshaji" mara nyingi kuliko jina la kata tuliyokuwa tunaizungumzia. Mtu aliyepitia hayo hawezi kulaumiwa akisikia "asasi" na kuona bahasha. Lakini kumbukumbu ya bahasha haitoshi kuhukumu bara zima, na kauli yenyewe ukiigeuza ukaitazama chini ina matobo.

Tobo la kwanza ni la msemaji mwenyewe. Serikali ya Hungaria, iliyokuwa inahesabu forinti za asasi, imejengea barabara na shule kwa mabilioni ya yuro ya Umoja wa Ulaya. Mwaka 2014 ilikubali mkopo wa Urusi wa hadi yuro bilioni 10 kwa ajili ya kinu cha nyuklia cha Paks. Mwaka 2024 ikachukua mkopo mwingine wa yuro bilioni 1 kutoka benki za China. Hakuna aliyeitaka ibandike kwenye lango la wizara maneno "serikali inayofadhiliwa kutoka nje". Huko Georgia, chama kilichopitisha sheria ya kuziandikisha asasi zinazopata zaidi ya asilimia 20 ya mapato yao kutoka nje kiliasisiwa na Bidzina Ivanishvili, bilionea aliyechuma utajiri wake Urusi. Nyani haoni kundule, hilo tunalijua. Ila hapa nyani kundule analiona vizuri tu. Anachohesabu ni kwamba watazamaji watashughulika na la mwenzake.

Tena tuseme kwa haki: kutaka kujua fedha zinatoka wapi ni jambo jema. Aprili 2025 Mahakama ya Wakaguzi ya Umoja wa Ulaya ililalamika kwamba taarifa za ruzuku kwa asasi zimetawanyika hata mwananchi hawezi kuzifuatilia, nami nakubaliana nao mia kwa mia. Vitabu viwe wazi. Lakini sheria ya Hungaria haikuwa ya vitabu. Asasi zile tayari zilikuwa zikitoa taarifa zao za fedha kila mwaka. Kilichoongezwa na sheria kilikuwa kibandiko, na kibandiko hutumika kumtenga mtu na jirani zake. Tarehe 18 Juni 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitamka kwamba sheria ile ilikuwa ya kibaguzi na ilijenga mazingira ya kutoaminiana dhidi ya asasi hizo. Bunge likaifuta mwaka 2021. Haikuchukua muda ikarudi na kanzu nyingine: Desemba 2023 ilitungwa sheria ya kulinda mamlaka ya nchi, ikazaa ofisi maalumu ambayo kufikia Juni 2024 ilikuwa imeanza kuichunguza asasi inayopambana na rushwa, Transparency International, pamoja na chombo cha habari za uchunguzi, Átlátszó. Kwa nini mlinzi wa mamlaka ya taifa aanze na wanaofuatilia zabuni za serikali? Jibu ninyi mnalo.

Tobo la pili ni la historia, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wapinzani wangu wana hoja yao nzito kuliko zote. Wanaitaja Solidarność ya Poland. Wanasema, na ni kweli, kwamba chama kile cha wafanyakazi kilipata fedha na mitambo ya uchapaji kutoka vyama vya wafanyakazi vya Marekani na vya Ulaya Magharibi, na kwamba baada ya amri ya kijeshi ya Desemba 1981 hata CIA ilipitisha msaada wake kwa mlango wa nyuma. Basi, wanamalizia, hata mama wa harakati zote za kiraia za Ulaya alikuwa kibaraka.

Tuanze kabla ya CIA. Juni 1976 wafanyakazi wa Radom na Ursus waliandamana kupinga bei ya chakula. Wakapigwa, wakafukuzwa kazi, wakafungwa. Septemba mwaka huo watu 14 wa Warszawa, waandishi, wanasheria, mzee mmojammoja aliyepigana vita, waliunda kamati ya kuwatetea, KOR. Kazi ya kwanza ya kamati hiyo haikuwa kuandika tamko. Ilikuwa kupanda treni kwenda Radom, kutafuta nyumba ambayo baba amefungwa, kugonga mlango na kumpa mama wa nyumba fedha za kununulia mkate na jina la wakili. Wenye nyumba mwanzoni waliogopa, wakidhani ni mtego wa polisi. Baadaye wakaanza kuwaelekeza wageni kwa jirani mwenye shida kama yao. Msomi na fundi wa kiwanda, ambao serikali ilikuwa imefaulu kuwagombanisha mwaka 1968 na 1970, walijuana hivyo, jikoni.

Miaka minne baadaye, Gdańsk. Uwanja wa kuundia meli unamfukuza kazi Anna Walentynowicz, mwendesha kreni, imebaki miezi mitano astaafu. Tarehe 14 Agosti 1980 wenzake wanagoma, wanataka arudishwe. Jumamosi tarehe 16 menejimenti inakubali: Walentynowicz arudi, Lech Wałęsa, anayeongoza mgomo, arudi, mshahara upande. Wałęsa anatangaza mgomo umekwisha. Watu wanaanza kutoka, wengine wameshafika nyumbani wamevua viatu. Viwanda vidogo vya mjini na madereva wa tramu, waliogoma kuwaunga mkono waunda meli, hawajapata kitu. Henryka Krzywonos, dereva wa tramu, anawaambia kwamba mkituacha tumekwisha, basi la abiria halipambani na kifaru. Alina Pienkowska, nesi wa zahanati ya uwanja ule, anapanda juu ya pipa langoni na kuwasihi wanaotoka wabaki. Walentynowicz naye yuko langoni. Milango inafungwa. Waliobaki usiku ule walikuwa wachache, labda wa kujaa ukumbi mmoja mkubwa, na ndio walioanzisha kamati ya pamoja ya viwanda vyote, iliyoandika madai 21 na kuyatundika kwenye lango namba 2. Tarehe 31 Agosti serikali ilisaini. Wałęsa alisaini kwa kalamu kubwa ya ukumbusho yenye picha ya Papa Yohane Paulo II. (Kama mnatafuta mkono wa kigeni, huo hapo, mrefu na wa rangi.)

Kufikia mwaka uliofuata wanachama wa Solidarność, iliyozaliwa na mgomo huo, walikaribia milioni 10 katika nchi ya watu wapatao milioni 35. Wamarekani wangehitaji bahasha ngapi? Na kilichowabakiza watu langoni Jumamosi ile hakina risiti: dereva wa tramu aliyewaambia wenzake wenye misuli kwamba ushindi wenu bila sisi ni usaliti. Msaada wa nje ulikuja kwa mti uliokwisha kuota. Kumwagilia mti na kuupanda ni kazi mbili, na hata mkulima mvivu anajua tofauti yake.

Hoja inayonisumbua zaidi ni nyingine, na wanaopiga kelele za vibaraka huwa hawaitaji, labda kwa sababu haina wimbo mtamu. Ujerumani ya Weimar ilijaa vyama vya kiraia. Kwaya, vilabu vya mazoezi ya viungo, vyama vya wakulima, vyama vya maveterani, kila mtaa na chake. Na vyama hivyo havikuzuia kitu mwaka 1933. Watafiti wanaonyesha kwamba chama cha Hitler kilipenya humohumo, kikipata wanachama kwa kasi zaidi palipokuwa na vyama vingi. Kwa hiyo anayedhani kwamba ukishakuwa na asasi 1,000 una demokrasia anajidanganya, na ripoti nyingi za wafadhili zinajidanganya hivyohivyo, kwa majedwali. Chama cha watu wanaofanana, wanaokutana kulalamikia wasiofanana nao, kinaweza kuwa shule ya chuki kama kinavyoweza kuwa shule ya uraia. Swali la kuuliza asasi, kabla hata ya kuulizia mfadhili, ni kama imewahi kubaki langoni kwa ajili ya mtu asiye wake.

Na wezi wamo. Desemba 2022 polisi wa Ubelgiji walimkamata Antonio Panzeri, mbunge wa zamani wa Bunge la Ulaya kutoka Italia, na kukuta nyumbani kwake mamia ya maelfu ya yuro taslimu. Alikuwa anaongoza asasi mjini Brussels iliyojinadi kupiga vita ukiukaji wa haki usioadhibiwa. Mwezi uliofuata alikubaliana na waendesha mashtaka kueleza jinsi fedha za mataifa ya nje zilivyotumika kununua sauti bungeni. Hiyo ndiyo picha halisi ya ukibaraka: noti kwenye sanduku, asasi kama pazia. Lakini angalia nani alimkamata, na kwa sheria ipi. Sheria ya kawaida ya rushwa na utakatishaji fedha ilitosha. Hapakuhitajika kuwabandika watu wote wa Ubelgiji wanaogawa supu kwa wakimbizi jina la wakala.

Sasa jaribio. Kauli inasema kata fedha uone. Mwaka 2025 fedha zilikatwa kweli. Tarehe 20 Januari rais mpya wa Marekani alisimamisha misaada ya nje, na USAID, shirika la misaada la Marekani na mfadhili mkubwa wa asasi za Ulaya ya mashariki na Balkani, ikaanza kuporomoka ndani ya siku chache. Asasi nyingi ziliumia, watu wakapoteza kazi. Kwa mujibu wa kauli ile, Serbia ingepaswa kunyamaza.

Mkumbuke Serbia ilikuwaje. Tarehe 1 Novemba 2024, saa 5 na dakika 52 asubuhi, paa la zege la mbele ya kituo cha treni cha Novi Sad, kilichokarabatiwa na kufunguliwa upya miezi michache tu nyuma, liliwaangukia watu. Waliokufa walifikia 16. Wanafunzi walianza kusimama kimya barabarani saa ileile, dakika moja kwa kila marehemu. Tarehe 22 Novemba wale wa Kitivo cha Sanaa za Maigizo cha Belgrade walivamiwa na kupigwa wakiwa kwenye ukimya huo. Wakafunga kitivo, na vitivo vya nchi nzima vikafuata. Walichodai kwanza kilikuwa kidogo mno, nyaraka zote za ukarabati ziwekwe hadharani. Waliamua mambo kwa mkutano wa wote, kila mtu kura moja, bila mwenyekiti wa kudumu, na msemaji wa leo kesho si msemaji. Mfadhili gani angemwandikia hundi mtu asiye na cheo?

Rais Aleksandar Vučić alisema ni mapinduzi yaliyopikwa nje. Tarehe 25 Februari polisi walivamia ofisi za asasi kadhaa za Belgrade, ikiwemo CRTA inayofuatilia uchaguzi, wakitafuta fedha za USAID, wakati USAID yenyewe tayari inahema. Tarehe 15 Machi Belgrade ilifurika. Waangalizi huru wa mikusanyiko walikadiria kati ya watu 275,000 na 325,000. Polisi wenyewe walisema 107,000. Fedha zimekauka, watu wameongezeka. Anayeshikilia kauli ile atueleze hesabu hiyo.

Na Brussels, huyo bwana mkubwa anayesemekana kushika kamba? Julai 2024 Umoja wa Ulaya ulitia saini na Serbia makubaliano ya madini ya lithiamu, Kansela wa Ujerumani akiwa amesafiri hadi Belgrade kushuhudia. Wanafunzi walipoanza kupigwa, sauti kutoka Brussels ilikuwa ya mtu anayeongea huku ameziba mdomo kwa leso. Bendera za Umoja wa Ulaya kwenye maandamano zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Ilibidi Aprili 2025 wanafunzi wapatao 80 wapande baiskeli kutoka Novi Sad hadi Strasbourg, zaidi ya kilomita 1,300, kuwaambia Wazungu wenzao kwamba tunapigwa. Kibaraka hapandi baiskeli siku 13 kwenda kumkumbusha bwana wake kwamba yupo.

Kwetu hadithi hii ina mwangwi. Julai 2024, baada ya vijana wa Kenya kuukataa Muswada wa Fedha mitaani, Rais William Ruto aliinyooshea kidole Ford Foundation kuwa ndiyo iliyolipia vurugu, nayo ikakanusha. Nairobi haikumhitaji Orbán kuwa mwalimu, wala Orbán hakuihitaji Nairobi. Anayetawala akiona watu wa matabaka yasiyozoeana wamesimama pamoja, hushindwa kuamini kwamba hawakulipwa, kwa sababu yeye mwenyewe kila mkutano wake huwa na mabasi ya kukodi.

Nilichokipenda zaidi Serbia kilikuwa mji wa Novi Pazar, kusini-magharibi, ambako wengi ni Wabosniaki Waislamu. Kwa miaka 30 tangu vita vya Yugoslavia, Mserbia wa Belgrade na kijana wa Novi Pazar walitazamana kwa kona ya jicho. Wanafunzi wa huko nao walifunga chuo chao. Walipokwenda kwenye mikusanyiko ya miji mingine walipokelewa kwa machozi, wasichana wenye hijabu wakiwa wameshika bendera ya Serbia katikati ya wenzao Waorthodoksi. Weimar haikuwa na hilo. Hakuna kipengele cha ruzuku kinachoitwa hivyo, na kikitungwa kitaharibika.

Mwisho wa Januari 2025 mamia ya wanafunzi walitoka Belgrade kwa miguu kwenda Novi Sad, kilomita 80 hivi, baridi kali, siku mbili. Njiani watu wa vijijini walitoka majumbani na sufuria za maharage na supu, chai, mikate, soksi. Bibi vizee walisimama mlangoni wakilia na kuwabusu watoto wasiowajua. Tarehe 1 Februari waliungana na wenzao kufunga madaraja ya mto Danube, wakakesha darajani. Kesho yake swali likawa watarudije Belgrade na malengelenge yale miguuni. Madereva wa teksi wa Belgrade waliitana, wakapanga foleni kwenye barabara kuu, taa zinawaka, wakaenda kuwachukua. Mamia ya magari. Hakuna mwanafunzi aliyedaiwa nauli.